Heko Radi, Mgeni Asiyebisha Hodi

Wengi huilaani radi. Mimi, mpangaji wa ghorofa ya nne hapa Kayole, naisifu, hasa ile inayopasuka utosini bila ilani, saa kumi jioni ya Aprili, maharagwe yakiwa jikoni na kikombe mkononi. Juzi ilinirusha kutoka kitini, chai ikaogesha rimoti, nami nikaita, "Mama!" Nina miaka 43, na mama yuko Kisii, ambako ngurumo ni mambo ya kila alasiri.

Heshima iliyoje! Umeme wa radi hupasha hewa joto la nyuzi karibu 30,000, mara tano ya uso wa jua, hewa ikatanuka kwa kishindo. Gharama yote hiyo kumtisha mtu mwenye deni la kodi. Mwenye nyumba wangu hutumia ujumbe mfupi tu.

Tena ni nani mwingine awezaye kumtoa keateka mafichoni? Wiki nzima nimemtafuta kwa ajili ya bomba linalovuja. Radi ilimpata kwa sekunde tatu: alinipita ngazini akikimbilia suruali zake zilizoanikwa paani. Paani wakati wa radi si mahali pa mtu mwenye akili, najua. Lakini yangu ilikuwa huko kambani, na shuka ni shuka.

Huko ndiko nilikomjua jirani wa mlango unaotazamana na wangu. Miaka miwili salamu zetu zilikuwa mlio wa kufuli. Sasa tulikuwa chini ya kamba moja, stima imepotea, maji yanatutiririka hadi viwikoni, vibanio vya nguo mdomoni.

"Baba, hii shuka ni yako?"

"Ni yangu, mama. Na hizi soksi?"

"Za huyu kijana."

Kijana mwenyewe alikuwa mlangoni pa ngazi, anatetemeka. Umeme ulipomulika upande wa Njiru nikamwambia ahesabu. Akafika tisa ndipo ngurumo ikaja. "Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja," nikamweleza kwa sauti ya mwalimu. "Kwa hivyo iko kilomita tatu. Usiogope."

Uliofuata, hakumaliza kutamka "moja". Mwalimu ndiye aliyetangulia kushuka, soksi za mtoto wa watu zikiwa bado mkononi.