Mwongozo wa Kuilainisha Shingo Ngumu ya Darubini, kwa Mafundi na Wakaidi wa Ngonga

Mwongozo huu ni wa mwenye darubini ambayo shingo yake imegoma. Unazungusha nobu, haisogei. Unaongeza nguvu, inaruka. Unairudisha kidogo, bomba zima linatikisika na Zohali inatoka nje ya lenzi, huku foleni ya majirani ikiuliza kama zamu bado zipo. Kama darubini yako haijawahi kukufanyia hivyo, nenda kalale salama. Sisi wengine tuna kazi.

Tuanze na mgonjwa mwenyewe. Katika darubini ya kioo, mwanga hugonga kioo kikuu kilichoko chini, hurudi juu, hukutana na kioo kidogo kinachoutupa pembeni, na hapo ubavuni ndipo lenzi ya jicho inapousubiri. Lenzi hiyo hukaa kwenye kibomba kifupi kinachotoka na kuingia ukizungusha nobu, na ndicho kinacholeta fokasi; hiyo ndiyo shingo. Darubini yenye kioo cha milimita 200 na urefu wa fokasi wa milimita 1,200 huipa lenzi uhuru wa takriban milimita 0.08 tu, pungufu ya unene wa karatasi moja ya kuchapia. Ukiupita, pete za Zohali zinageuka ukungu. Kazi nyeti kiasi hicho viwanda vingi vya bei nafuu vimeikabidhi kwa kibomba kinachoburuzika juu ya plastiki, kikapakwa grisi nzito inayonata ili mnunuzi asihisi kinavyochezacheza. Huo ni ujanja wa dukani, na tunauondoa leo.

Hatua ya 1: Kataa kuambiwa uzoee

Atatokea mtu wa kukwambia kwamba darubini zote ziko hivyo, uzoee. Mpe kiti, mpe maji, ila ushauri wake aondoke nao mwenyewe. Sababu yako ni nzito kuliko yake: hapa Ngonga, wilayani Kyela, hakuna darubini ya mtu mmoja. Ikishasimama uwanjani, inaangaliwa na bibi aliyevua miwani, mtoto wa darasa la tatu, na dereva wa baiskeli aliyekuwa anapita tu akielekea Ipinda. Kila jicho linataka fokasi yake, kwa hiyo nobu inazungushwa kila zamu inapobadilika. Shingo ikiwa ngumu, wa kwanza anaona Zohali, wa pili anaona giza, na wa tatu anakuwa na adabu tu, anasema ameona.

Watu wa mkoa huu wanapenda anga, wala hawahitaji kubembelezwa. Tarehe 1 Septemba 2016 Rujewa, wilayani Mbarali, ilijaa watu waliokwenda kutazama jua likipatwa na kubaki pete ya moto. Watu wa namna hiyo wanastahili shingo laini.

Hatua ya 2: Mwelewe adui

Adui ni msuguano. Vitu viwili vinavyogusana kwa kuburuzana huhitaji nguvu kubwa zaidi kuanza kusogea kuliko kuendelea kusogea. Ndiyo maana nobu inagoma, halafu inaruka: nguvu uliyoiweka ili kuanzisha safari imezidi ile inayohitajika njiani, na milimita 0.08 zako zimepitwa kabla kidole hakijajua. Gololi haiburuzwi, inabingirika, na tofauti kati ya kuanza na kuendelea inakuwa ndogo sana. Kyela imeujua ukweli huu kwa miguu. Wilaya tambarare inayosafirisha abiria, mchele na mikungu ya ndizi kwa baiskeli inaishi juu ya gololi: za inchi 3/16 kwenye ekseli ya mbele, za robo inchi kwenye ya nyuma. Kwa hiyo mtaalamu unayemhitaji hayuko mbali. Amekaa chini ya mwembe, mikono ina grisi, na anajua kwa kugusa tu kama gurudumu lina mchezo.

Hatua ya 3: Mjue aliyetutangulia

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mwingereza John Wall, mwanachama wa chama cha wapenda anga cha Crayford, alitengeneza shingo isiyo na meno wala gia. Kibomba kinaegemea beringi nne, yaani pete zenye gololi ndani, upande mmoja, na upande wa pili kinabanwa na fimbo nyembamba ya chuma. Ukiizungusha fimbo, kibomba kinabebwa na mbano wake, kinapanda au kushuka bila kuruka. Wall hakutaka hatimiliki. Aliuachia umma mchoro wake, na leo shingo za namna hiyo zinaitwa Crayford dunia nzima. Hatumwibii mtu.

Hatua ya 4: Kusanya vifaa, usikusanye visingizio

Beringi nne namba 625: tundu la milimita 5, kipenyo cha nje milimita 16, unene milimita 5. Zinaingia sawasawa kwenye bolti ya M5. Soma herufi zinazofuata namba. ZZ maana yake zina ngao ya chuma. 2RS maana yake zimezibwa kwa mpira. Kwa Kyela chukua 2RS. Mvua zetu ni miongoni mwa kubwa kabisa nchini, na unyevu unaingia popote. Mpira huifanya beringi iwe nzito kidogo, lakini shingo ya darubini haikimbii mbio za baiskeli.

Ongeza fimbo ya chuma kisichoshika kutu ya milimita 6, bolti na nati za M5, kipande cha mbao ngumu iliyokauka vizuri au bati nene la alumini, na skrubu moja ya kurekebishia mbano. Kibomba cha zamani kinafaa, mradi ni cha chuma, uso wake ni laini, na kimenyooka. Kama kina utepe wa meno, ufungue uutoe. Kama ni cha plastiki iliyopinda, kiage.

Hatua ya 5: Funga

Panga beringi mbili juu na mbili chini. Kila jozi ikutane kama herufi V, kwa pembe ya takriban nyuzi 90, ili kibomba kilale katikati bila pa kukimbilia. Jozi hizo zitenganishe kadiri nafasi inavyoruhusu, maana zikikaribiana mno kibomba kitayumba. Fimbo ikatize upande wa pili, na mbano wake uangukie kati ya jozi ya juu na ya chini. Ikizidi juu au chini, kibomba kitainama na fokasi itakuwa nzuri upande mmoja wa picha tu.

Hapa ndipo fundi baiskeli anapokupita. Mpe beringi moja moja azungushe kwa kidole. Inayokwaruza ataitupa pembeni kabla hujafungua mdomo, nawe usiiokote. Kisha akaze bolti taratibu huku akisukuma kibomba juu na chini. Atasimama pale ambapo beringi zote nne zinazunguka pamoja. Ikibaki moja iliyotulia, haigusi kibomba, na kazi haijaisha.

Hatua ya 6: Weka mafuta mbali

Hatua hii imeharibu shingo nyingi, kwa hiyo isome mara mbili. Kibomba na fimbo viwe vikavu kabisa. Fimbo hukiendesha kibomba kwa kukibana; ukipaka mafuta, itazunguka peke yake na kibomba kitaikodolea macho. Futa vyote viwili kwa spiriti na kitambaa safi. Jirani mwema akija na kopo la grisi, mshukuru. Akija na mawese, mshukuru zaidi, uyapeleke jikoni kwenye ndizi yanakoheshimika.

Hatua ya 7: Jaribu kama mtu asiyejidanganya

Weka lenzi yako nzito kuliko zote, elekeza darubini juu moja kwa moja, uondoe mkono. Kibomba kikiteremka chenyewe, ongeza mbano robo mzunguko. Halafu tafuta nyota angavu. Leta fokasi, ipite, irudi. Nyota ibaki mahali pake. Ikihama kila unapogeuza mwelekeo, kuna beringi yenye mchezo. Kati ya Mei na Julai jipime kwa Alpha Centauri jioni: jicho tupu linaona nyota moja, darubini yenye fokasi kamili inaonyesha mbili. Ukiziona zimeachana kwa mstari mweusi, fundi alipwe.

Nobu nayo ina hesabu yake. Fimbo ya milimita 6 husogeza kibomba karibu milimita 19 kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo zile milimita 0.08 ni nyuzi moja na nusu tu. Kwenye nobu yenye upana wa milimita 40, kidole kina nafasi ya nusu milimita. Bana kibanio cha nguo kwenye nobu hiyo, ushike ncha yake iliyo sentimita 8 kutoka katikati ya fimbo, na nafasi inapanda hadi milimita 2. Kibanio kimoja kutoka kwenye kamba ya nguo kimekuongezea utulivu mara nne.

Hatua ya 8: Ilinde

Ziwa Nyasa lina wadudu wadogo wanaoinuka juu ya maji kwa mawingu meusi, wale ambao ng'ambo ya Malawi huitwa kungu na huliwa. Upepo ukiwaleta nchi kavu wanafuata taa. Tumia tochi iliyofunikwa kitambaa chekundu, na funika shingo kila unapopumzika. Baada ya kazi, hifadhi lenzi kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Mchele wa Kyela usiuweke humo. Vumbi lake litaingia kwenye beringi, na ni dhuluma kwa mchele. Na mchana usielekeze darubini kwenye jua bila kichujio maalumu kilichofungwa mbele ya bomba. Kwa hili hakuna utani: jicho haliuzwi Kariakoo.

Hatua ya mwisho: Usiuze mchoro

Ukimaliza, mwambie fundi ndaga fijo, yaani asante sana, na umlipe kazi yake yote bila kupunguza. Kisha chora ulichofunga, na vipimo vyake, ukibandike hapo kwake penye bei za kuziba pancha. Atakayefika na darubini iliyogoma, kutoka Matema au Karonga, akinakili bure. Wall alitoa wake bure, na ndiyo sababu leo kijiji chenye gololi na fundi mwangalifu kinaweza kumwonyesha kila aliyepanga foleni pete za Zohali, mpaka wa mwisho.