Baba Mdogo, Mtego Usiutume



Baba mdogo, ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza ndani ya basi, na basi zima limekusikia ukifoka kwamba nimtege mbweha anayezurura hapa mtaani kwangu. Haiwezekani. Hapa London mbweha wanakadiriwa kufika kama elfu kumi, na ukifikiria sumu, kuwawekea ni kosa la jinai.

Halafu si yule wenu wa huko Kigoma anayekatiza mashamba ya maharage usiku. Yule mwenye mraba ubavuni ni ndugu wa karibu wa mbwa. Huyu ni wa ukoo mwingine, ingawa wote wana ncha nyeupe mkiani. Wa huku ni mwekundu kama udongo wa barabara ya Kasulu, miguu myeusi, kilo sita hivi, na nyingi ya hizo ni manyoya. Juzi alfajiri natoka zamu ya usiku, nikamkuta juu ya ukuta. Hakukimbia. Jicho la rangi ya asali, mboni imesimama wima. Akautazama mfuko wangu, akanitazama mimi, akarudia mfuko, kisha akajikuna.

Kiburi anapewa na bibi jirani. Kila jioni anamwekea paja la kuku. Paja! Kwetu paja lina mwenyewe hata kuku hajakamatwa. Mimi nimekua kwa shingo. Nilipomwambia bibi huyo kwamba huko nyumbani mnyama wa aina hiyo hukimbizwa kwa mawe, alinitazama hadi nikajihisi mimi ndiye mwizi wa kuku.

Msidhani Waingereza walikuwa wapole kwa mbweha tangu zamani. Mabwana walimwinda kwa farasi na kundi zima la mbwa, wamevalia makoti mekundu, na wakimpata hawamli! Bunge likapiga marufuku 2004, sheria ikaanza kutumika Februari 2005. Siku hizi wapanda farasi wanasema wanafuata harufu tu. Mimi ni mgeni, nimenyamaza.

Januari ndiyo msimu wa mapenzi wa mbweha. Jike huwa tayari siku tatu hivi tu kwa mwaka mzima, kwa hiyo hana muda wa kuona haya: usiku anapiga ukelele wa mtu anayekabwa koo. Mimba ni siku 52 hivi. Machi tutakuwa na vitoto vinne au vitano chini ya kibanda cha bustani, vipofu, na vikichangamka huwa vinaiba viatu vya watu kuchezea. Kandambili yangu ya kulia iliondoka mwaka jana.

Na mwaka 2011 mbweha mmoja alikutwa ghorofa ya 72 ya jengo la Shard, likiwa bado linajengwa, anaishi kwa makombo ya mafundi. Wakamshusha, wakampima afya, wakamrudisha mtaani. Mimi daktari wa meno bado namsubiri.

Shangazi, akipatikana mtu wa kuja huku, mpeni mawese na dagaa. Dagaa wafungeni mifuko mitatu, mkaze. Mbweha anasikia panya akitembea chini ya majani, na pua yake usiseme. Akiwanusa dagaa wa Kigoma, paja la bibi atalisusa, nami sina mpango wa kumlisha.

Mwanenu wa London.