Mhadhara wa Profesa wa Baridi, Gerezani

Waheshimiwa mafundi, waheshimiwa wauza spea, waheshimiwa madalali mnaojifanya wauza spea, na wewe mama chai ambaye ndoo yako nimeigeuza jukwaa: tulieni.

Mzee huyu anayejipepea kwa gazeti amenijia na Benz yake, W123 ya mwaka 1982, akilalamika kwamba AC haitoi baridi. Amefika kwenyewe. Wenzangu wamesoma ufundi. Mimi ufundi ndio ulionisoma.

Tuanze na historia, maana fundi asiye na historia ni mfungua nati tu. Mwaka 1902 Mmarekani Willis Carrier alibuni mtambo wa kupoza hewa kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn. Aliyeonewa huruma hakuwa mtu, ni karatasi: zilikuwa zikivimba kwa unyevu. Sasa wanahistoria wenu wameng'ang'ania kwamba jina Kariakoo limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Napinga! Carrier ni Carrier. Jina la bwana kiyoyozi limetua mahali penye joto kuliko pote mjini, mnataka ushahidi gani tena? Dogo, shusha mkono. Maswali mwishoni.

Packard walipoleta gari lenye AC, mwaka 1939, kompresa yake haikuwa na klachi. Baridi ikikuzidi unazima injini, unashuka, unafungua boneti, unavua mkanda. Hao ndio walikuwa wateja! Leo mtu anabonyeza kitufe halafu ananiambia mimi ni ghali.

Boneti juu. Washa. Mnaona? Puli ya kompresa inazunguka, ila sahani yake ya mbele imetulia tuli kama karani saa saba mchana. Mtu wa kawaida atasema klachi haijashika. Mimi naona msiba. Ushahidi wa pili, maji haya chini ya gari: jasho la kompresa wakati wa kukata roho. Mama chai anasema ni maji aliyosuuzia vikombe. Mama, hii ni sayansi.

Tiba ni kompresa nyingine. Mpwa wangu anayo, used ya Dubai, laki saba na nusu, mtaa wa pili hapo. Sadfa tu.

Dogo, nini tena? Eti kompresa mbovu ingepiga kelele. Eti kelele ikisikika hata AC ikiwa imezimwa, mkosaji ni beringi ya puli, kwa kuwa puli huzunguka muda wote. Ikisikika AC ikiwashwa tu, ndipo uishuku kompresa yenyewe. Na hii iko kimya. Sawa. Hayo nilikuwa nakaribia kuyasema.

Nije kwenye gesi. Mzee amelipia gesi mara tatu tangu Ramadhani, maana kuna gereji ambazo hata ukienda na pancha watakujazia gesi. Gesi hailiwi kama petroli! Ikipungua imevuja, na inapovujia huacha alama ya oili iliyonasa vumbi. Tena gari hili lilizaliwa na R12, ile iliyoponzwa na Mkataba wa Montreal wa 1987 kwa kutoboa tabaka la ozoni. Ukimimina R134a juu ya oili ya zamani, viwili hivyo havipatani: oili inajilalia kwenye mabomba, kompresa inasagika kavu. Kwa hiyo, mabwana, kifo cha...

Dogo, toa testa yako humo. Anasema umeme haufiki kwenye waya wa klachi. Anafunua boksi la fyuzi. Tazameni fyuzi za Mjerumani: vijipipa vyembamba, utepe wa chuma mgongoni, ncha zimechongoka kama risasi. Hii moja ncha zake zimeota ukungu mweupe, chumvi ya bahari hiyo. Anaizungusha kwa kidole papo hapo ilipokaa, mara moja, mara mbili...

Tak!

Mmesikia? Injini imeshuka sauti kidogo, sahani inazunguka. Hiyo "tak", waheshimiwa, ndiyo niliyokuwa nawafundisha tangu mwanzo. Dogo ametekeleza nadharia yangu kwa mkono wake.

Mzee, mbona unampa yeye elfu kumi? Na mbona unapandisha vioo? Mhadhara bado, sijaingia sura ya kondensa! Mzee! Hanisikii, baridi imemkolea. Jamani mzuieni pale Msimbazi, mkoba wangu uko kiti cha nyuma!