Twisti Ilituachanisha Mikono

Washereheshaji wa harusi za mjini wana ugonjwa mmoja ambao hospitali bado hazijaupa jina. Keki ikishakatwa na kamati ikishatambulishwa hadi mjumbe aliyesimamia barafu, MC anageukia meza za wazazi na kupaza sauti: "Sasa wazee wetu watuoneshe mambo yao! DJ, twisti!" Hapo mwenye upara hana pa kujificha.

Mimi na twisti hatuna undugu. Ujana wangu niliumalizia kwenye ushindani wa bendi za Msondo na Sikinde, enzi ambazo unamshika mwenzako kiunoni, naye anakushika begani, na kama hujui kucheza, yeye ndiye anayeendesha. Wewe unafuata tu, watu wakidhani mnapendana. Ule ndio uliokuwa ustaarabu. Twisti inakusimamisha peke yako katikati ya ukumbi, mikono inaelea hewani, halafu unaambiwa uzungushe nyonga mbele ya wakwe.

Chubby Checker, mwimbaji aliyeueneza ugonjwa huu duniani, alikuwa akifundisha kwa maelezo mepesi kabisa: miguu ifanye kana kwamba inazima vipisi vya sigara, mgongo ufanye kana kwamba unajifuta kwa taulo baada ya kuoga. Basi juzi harusini nikazima sigara. Goti la kulia likatoa mlio ambao hata spika za ukumbi hazikuweza kuufunika. Kijana wa video akanisogelea na taa yake usoni, akasema, "Mzee, shuka chini kabisa, chini kabisa!" Kushuka nilishuka. Kupanda ndiko kulikohitaji wajumbe wawili wa kamati, mmoja kila kwapa. Mke wangu alikuwa hatua tatu kutoka nilipo, anajifuta kwa taulo lake la kufikirika, hata hakugeuka. Na angegeuka vipi, wakati dansi yenyewe haimdai ajue kama mwenzake yu hai?

Hapo ndipo nilipoanza kumtafuta mchawi. Kumbe kesi ina washtakiwa wengi.

Wimbo wenyewe, "The Twist", ni wa Hank Ballard. Aliutoa mwaka 1959 akiwa na kundi lake la The Midnighters, na kampuni iliyomrekodi ikauweka upande wa pili wa santuri, kule kunakowekwa nyimbo zisizotarajiwa kitu. Upande wa kwanza ulikuwa wimbo wa huzuni, "Teardrops on Your Letter". Laiti watu wangeendelea kulia na barua zao! Lakini vijana wakaigeuza santuri.

Philadelphia wakati huo kulikuwa na kipindi cha televisheni cha Dick Clark, American Bandstand, ambacho kazi yake kubwa ilikuwa kuonesha vijana wakicheza muziki. Mji huohuo ulikuwa na kijana aitwaye Ernest Evans, aliyekuwa akifanya kazi kwenye duka la kuku huku akiwaigiza waimbaji maarufu. Mke wa Clark ndiye aliyempachika jina la Chubby Checker, kwa kulitania jina la mwimbaji Fats Domino. Mwaka 1960 kijana akaurekodi upya wimbo wa Ballard, akauiga mpaka pumzi. Ballard mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alipousikia redioni alidhani ni yeye anayeimba. Mwezi Septemba ukashika namba moja Marekani.

Ungeishia hapo nisingelalamika. Mitindo ya vijana huja na kuondoka, na huu nao ulikuwa umeshaanza kuondoka. Waliouharibu ni watu wazima. Mwishoni mwa mwaka 1961 matajiri na watu maarufu wa New York waligundua baa moja ndogo ya mtaa wa 45, Peppermint Lounge, wakaanza kupanga foleni na magari yao ya kifahari ili nao wakazime sigara humo ndani. Magazeti yakawafuata. Madaktari wakaanza kuonya kuhusu magoti na migongo, wala hakuna aliyewasikiliza. Januari 1962 wimbo uleule, sauti ileile, ukarudi namba moja, jambo ambalo hakuna wimbo uliokuwa umewahi kulifanya kwenye chati ya Hot 100 ya jarida la Billboard. Vijana walipoona mama zao wanakata viuno sebuleni, wakahama. Kwa hiyo MC wetu, pamoja na kelele zake, ana historia upande wake: twisti ni mali ya wazee tangu ina miaka miwili. Nakiri hilo kwa shingo upande.

Huku kwetu nako iliingia bila kupiga hodi. Nairobi ya miaka ya 1960, Daudi Kabaka na wenzake wa Equator Sound Band waliipa miguu ya Kiafrika, gitaa likawa la kwetu, Kiswahili kikapita juu yake kama kilizaliwa nayo, na Kabaka akaitwa mfalme wa twisti. Wimbo wake "Helule Helule" Waingereza The Tremeloes waliuchukua wakauimba wao mwaka 1968, ukapanda kwenye chati za huko. Angalau kwa mara moja mzigo ulirudishwa ng'ambo. Twisti ya Kabaka sina ugomvi nayo, kwa sababu unaweza kuicheza ukiwa umekaa.

Nilipompelekea shangazi mashtaka yangu, kwamba twisti ndiyo iliyowaachanisha watu mikono ulimwenguni, alinitazama kama mtu aliyeuliza bei ya mchanga ufukweni. "We mtoto, kwenye ngoma zetu nani alikuwa anamshika nani? Huko kushikana kuliletwa na hayo madansi ya kizungu, mawaltzi yenu. Hiyo twisti imerudisha heshima." Shangazi amevuka themanini na goti lake halijawahi kulia hadharani. Sikuwa na la kujibu, lakini hoja yake haikuniinua pale sakafuni. Wajumbe ndio walioniinua.

Checker naye ana manung'uniko yake, tena makubwa kuliko yangu. Mwaka 2001 alilipia tangazo katika jarida la Billboard kudai kwamba jumba la heshima la rock and roll, ambalo lilikuwa limeshamwingiza Ballard tangu 1990, limsimamishie yeye sanamu uani. Hoja yake ni kwamba kila mtu anayecheza leo akiwa amesimama mbali na mwenzake, anacheza katika uwanja alioufungua yeye. Mwaka 2008 Billboard hilohilo likautaja "The Twist" kuwa wimbo uliofanikiwa kuliko wote katika miaka 50 ya chati yake. Jumba lilimwingiza hatimaye mwaka 2025, akiwa na miaka 84, umri ambao mtu anapewa nishani na fimbo kwa pamoja.

Kuhusu sanamu, mimi namuunga mkono. Ameungama kwa kinywa chake kosa lilelile ninalomshtakia, na mtu wa namna hiyo anastahili kuwekwa mahali ambapo kila mwenye goti bovu atamwona. Mchango wangu nitautoa haraka kuliko ninavyotoa wa harusi, bila kukumbushwa kwenye kundi la WhatsApp. Ila nina sharti moja kwa wachongaji: wamwekee mwanamke wa kumshika.