Muulize Bi Robota: Fulana Iliyoniaibisha Ukweni

Barua za safari hii ni nyingi na baadhi zinanuka dawa ya nondo. Nimejibu zile zenye shida ya kweli. Walioniuliza kama zambarau inaendana na kahawia: ndiyo, inaendana, ila si kwenu.

*Shikamoo Bi Robota. Nilikwenda Tabora kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu. Nilivaa fulana ya waridi, nzito, safi, yenye maandishi ya dhahabu ya Kijerumani. Nilidhani ni jina la kampuni. Shemeji yangu mdogo, ambaye amesoma Ujerumani, akayasoma kwa sauti mbele ya wazee: "Kesho naolewa, leo ninunulieni kinywaji." Mjomba wa binti ameomba muda wa kutafakari. Nifanyeje? – Bwana Harusi Mtarajiwa, Tabata*

Marahaba mwanangu. Fulana hizo huchapwa kwa ajili ya usiku mmoja wa bibi harusi kuzurura na mashoga zake, kwa hiyo umepata nguo iliyovaliwa mara moja tu. Kwa upande wa ubora hukukosea.

Wala si wewe peke yako. Marekani, kabla ya fainali ya Super Bowl, fulana za ubingwa huchapwa za timu zote mbili ili mshindi azivae palepale uwanjani. Za aliyefungwa haziwezi kuuzwa kwao. Kwa miaka mingi shirika la World Vision lilikabidhiwa na kuzigawa katika nchi za mbali, na ndiyo maana kuna watu wanaolima mihogo wakiwa wamevaa ubingwa ambao haukuwahi kutokea.

Simu yako ina kamera inayotafsiri maandishi. Itumie hapohapo kwenye lundo, kabla hujatoa hela. Kuhusu mjomba, rudi Tabora na shati jeupe la mikono mirefu lisilo na neno hata moja, na ubebe kreti ya soda. Fulana yako iliomba kinywaji mbele ya wazee na hakuna aliyeleta. Ukikileta wewe, aibu itageuka utani, na mtu akishataniwa ukweni huwa amekubalika.

*Bi Robota, naamka saa kumi alfajiri kwenda soko la Karume na bado naambulia makapi. Mwenzangu wa ofisini anakwenda saa tisa mchana, anarudi na blauzi za hariri kwa bei ya chipsi. Ana dawa? – Mchovu, Gongo la Mboto*

Hana dawa, ila anajua hesabu ya muuzaji. Kaa nikueleze, maana shida yako ndiyo ya wengi.

Belo kwa kawaida lina kilo 45. Limebanwa kwa mashine na kufungwa mikanda, na nje limeandikwa tu "blauzi za kike" au "jinzi za kiume". Mwenye kibanda analinunua bila kuona ndani. Siku analifungua, moyo unamdunda, kwa sababu huenda amenunua blauzi nzuri na huenda amenunua mapazia. Kabla hata mikanda haijakatwa ameshawapigia simu wenye maduka na wauzaji wa mtandaoni. Hao ndio wanaochukua cha juu. Nairobi, pale Gikomba, mzigo huo wa kwanza unaitwa kamera, na ule wa mwisho kabisa unaitwa fagia, na jina linajieleza.

Sasa wewe unatokea alfajiri, umepanda daladala mbili, macho mekundu. Huyo mtu bado hajarudisha mtaji. Kila nguo unayoigusa anaiona kama kipande cha deni lake, kwa hiyo atakutajia bei ya mwenye hofu. Ikifika saa tisa, wenye maduka wameshamlipa, mtaji umerudi, jua limemchosha, na kilichobaki chote ni faida. Anaanza kuimba jero jero, buku buku. Mwenzako anaingia hapo. Hariri imemsubiri kwa sababu asubuhi wote walikuwa wanagombania nembo, na blauzi ya hariri iliyokunjamana haina nembo kubwa ya kuonekana kwa mbali.

Kwa hiyo lala. Ukifika, acha vidole vikutangulie. Pitisha mkono kwenye lundo huku unaangalia pembeni kama mtu anayemsubiri mwenzake. Kitani kina ubaridi na ukavu, sufu inachoma kidogo, pamba nzuri ina uzito wake, na polista inateleza na kukupa joto kabla hujaivaa. Ukiwa na shaka, omba ruhusa uchomoe uzi mmoja kwenye mshono wa ndani, uuwashe. Pamba itanuka karatasi inayoungua. Sufu na hariri zitanuka nywele. Polista itajikunja iwe kidonge kigumu cheusi, na wewe utajua la kufanya, hasa kama unaishi Dar na Desemba imekaribia.

Kisha inua nguo dhidi ya jua. Tazama kwapa, ukosi na pale mapaja yanapokutana. Kama ina mistari, angalia kama mistari inakutana kwenye mshono wa ubavuni. Fundi aliyehangaika kuikutanisha hakulipua na sehemu nyingine. Funga na kufungua zipu. Suruali ambayo huwezi kuijaribu, ifunge kifungo, shika kiuno chake kikiwa kimelala, kizungushe shingoni. Ncha zikikutana nyuma bila kukunyonga, kiunoni itakaa. Na usimwamini muuzaji anayekwambia namba ni namba: 12 ya Uingereza ni 8 ya Marekani, na Ujerumani wana namba zao.

Lebo nazo zisome, ila kama historia. Ukikuta St Michael, hiyo ilikuwa lebo ya Marks & Spencer wa Uingereza, na waliiacha mwaka 2000. Nguo iliyofuliwa tangu wakati huo na bado ina umbo haikushonwa na mtu mwenye haraka. Ukikuta jinzi ya Levi's ambayo kile kitambaa chekundu cha mfukoni kimeandikwa kwa E kubwa, ni ya kabla ya 1971. Nyamaza, lipa, ondoka.

Na kabla ya kulipa, jiulize aliyeiacha aliiacha kwa nini. Alinenepa? Alifariki? Aliambiwa imepitwa na wakati? Imetoboka? Hizo tatu za kwanza hazikuhusu. Hiyo ya nne ndiyo yako.

*Bi Robota, nina kabati limejaa gredi A tupu, na kila asubuhi sina cha kuvaa. Jumatatu nafanana na mwanamuziki, Jumanne mhubiri, Jumatano mtalii aliyepotea. Watu wananisifia nguo, hakuna anayenisifia mimi. – Sijielewi, Dodoma*

Mwanangu, umekusanya maamuzi ya watu wengine. Kila ulichonacho kilikuwa kizuri kwenye lundo, na wewe hukuwemo kwenye hesabu. Mtu mwenye mtindo utamjua sokoni kwa vitu anavyovirudisha.

Fanya hivi. Usitazame nguo zako nzuri, tafuta zilizochakaa. Ipi imelegea ukosi kwa kufuliwa? Suruali ipi imepauka magotini? Hizo umezivaa bila kushawishiwa na mtu, asubuhi umechelewa, bila kioo. Ziweke kitandani uangalie zinafanana wapi. Pengine zote zina mikono mipana. Pengine zote ni za kijani na ulikuwa hujui kwamba wewe ni mtu wa kijani. Kuanzia hapo, ukienda sokoni nenda na swali moja tu: hii inafanana na zile za kitandani? Masapeur, wale watanashati wa Kinshasa na Brazzaville ambao wengi wetu tuliwajua kupitia mwanamuziki Papa Wemba, wana sharti la kutozidisha rangi tatu mwilini, viatu vikiwemo. Wanavaa suti za rangi ya embe katikati ya vumbi na huoni kosa, kwa sababu kuna sheria imefuatwa. Jitungie yako, hata kama ni ya kijinga.

Halafu tafuta fundi. Hili nalisema kwa watu wote wanaoniandikia wakidhani fulani amependeza kwa sababu ana bahati ya kuokota. Fulani ana fundi cherehani barazani kwake. Nguo ya mtumba ilikatwa kwa mwili wa mtu mwingine, mrefu kuliko wewe, asiye na hayo makalio uliyojaliwa. Kiuno kinapunguzwa, pindo linapandishwa, mikono inabanwa, vifungo vya plastiki vinabadilishwa, yote kwa hela kidogo. Bega haliguswi. Mshono wa bega ukishuka chini ya bega lako, rudisha nguo kwenye lundo hata kama imeshonwa Italia. Kulirekebisha ni kulishona shati upya, na fundi wako atakwambia linawezekana kwa sababu anataka kodi ya meza.

Ukiwa na mzazi au babu aliyekuwa kijana Dar mwishoni mwa miaka ya 1960, muombe picha. Mwaka 1969 Umoja wa Vijana wa TANU uliendesha Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Binti aliyetoka nyumbani na sketi hiyo huku akijua atazomewa njiani hakuwa na shaka kuhusu alichotaka kuvaa. Wewe hakuna anayekuzomea, ndiyo maana una kabati zima.

*Mke wangu anachukua mtumba, anafua, anapiga pasi, anaupiga picha na kuuza mtandaoni mara nne ya bei. Je, si wizi? – Mume Mwenye Dhamiri, Moshi*

Maji, sabuni, mkaa wa pasi, nauli na jicho la kuchagua vyote vina bei, shemeji. Wizi unaanzia anapoandika "mpya kutoka Uturuki". Kama ameandika hivyo, mwambie afute kabla ya chakula cha usiku. Na kama kwenye mzigo kuna nguo za ndani, aziache kabisa: Shirika la Viwango limezipiga marufuku, na hapo sina mzaha.

*Wewe mama unawafundisha watu kuua viwanda vyetu. Huna haya? – Mzalendo, Morogoro*

Ninayo, kaka, ila naivaa ndani.

Hoja yako ina uzito na sitaikwepa. Kiwanda cha Urafiki pale Ubungo kilijengwa kwa msaada wa Wachina mwishoni mwa miaka ya 1960, na kizazi kizima kilivaa vitambaa vyake. Baadaye zikaja zama za rais tuliyemwita Mzee Ruksa, milango ikafunguliwa, na mtumba ukajaa kila gulio. Kwamba mtumba peke yake ndio ulioviua viwanda, siamini; mitambo ilishazeeka na umeme ulikuwa unakatika kabla ya belo la kwanza kufika. Hata hivyo haukuvisaidia kuinuka.

Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana kuusitisha hatua kwa hatua. Wafanyabiashara wa Marekani wanaouza nguo hizo wakalalamika kwa serikali yao, na serikali yao ikatukumbusha habari ya AGOA, ule mpango wa kuuza kwao bila ushuru. Kenya, Uganda na sisi tukalegeza. Rwanda ilikuwa imepandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, ikashikilia msimamo, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye mpango huo. Kwa hiyo usidhani mzigo unapita bandarini kwa sababu mimi napenda blauzi.

Kinachoniuma mimi ni pamba. Tunalima Shinyanga na Simiyu, na sehemu kubwa inapanda meli kabla haijasokotwa. Mchumi Pietra Rivoli wa Marekani aliwahi kuandika kitabu, mwaka 2005, akiifuata fulana kutoka mashamba ya Texas hadi viwanda vya China, na safari ikaishia kwenye vibanda vya Manzese. Ya pamba yetu wenyewe, inayoondoka robota na kurudi robota, bado haijaandikwa. Iandike wewe, una hasira ya kutosha. Mimi nimevaa gauni la kitenge leo, kama itakupoza.

*Bi Robota, nimenunua koti la sufu Mbeya, mtumba, na kwenye mfuko wa ndani nimekuta noti ya mark 20 za Ujerumani. Muuzaji amesikia, anadai nusu. – Mwenye Koti, Uyole*

Koti liliuzwa na mifuko yake, kwa hiyo noti ni yako. Tena umebahatika na nchi. Ingekuwa lira ya Italia au faranga ya Ufaransa, muda wa kuibadilisha ulishapita. Benki Kuu ya Ujerumani inaendelea kupokea mark hadi leo bila kikomo, na hizo zako 20 ni yuro 10 na senti 23. Nusu yake ndiyo inayogombaniwa hapo, na mnaogombana hamna hata mmoja mwenye nauli ya Frankfurt.

Mnunulie soda. Mark ilifutwa madukani mwanzoni mwa 2002, kwa hiyo hilo koti lina umri wa kuheshimiwa, na muuzaji aliyeweza kukupatia hilo anaweza kukupigia simu belo lijalo likifunguliwa. Ila barua yako nimeirudia kuanzia juu hadi chini na hujanieleza jambo la msingi: mabegani limekukaa?