Bastola Mbili na Sefu Moja

Mume wangu ananunua asali Sikonge na Ipole, anaileta Tabora mjini kwa madumu, na kutoka hapa inapanda treni kwenda Dar es Salaam. Warina asali wanapenda kulipwa taslimu, kwa hiyo miaka yote alisafiri na fedha kiunoni. Siku moja vijana wa pikipiki wakamvizia porini, wakamchania shati, wakamwachia jeraha juu ya jicho na mkoba mtupu. Alipokwisha kufungwa bandeji akasema, "Mama watoto, safari hii nanunua bastola."

Sikumpinga. Mke aliyetoka kumfuta mumewe damu usoni hana nguvu ya kubishana naye siku hiyohiyo.

Tatizo likawa ni ipi. Ya kwanza ilikuwa ya mfanyabiashara mmoja wa Nzega aliyekuwa anastaafu biashara: CZ 75 B, imetumika, rangi imechubuka mdomoni mwa mtutu kwa sababu ya kuingia na kutoka kwenye mfuko wa ngozi. Ya pili ilikuwa mpya, ya kiwanda kilekile cha Jamhuri ya Czech, toleo la Shadow 2 lililotoka mwaka 2016. Bei yake ilikuwa zaidi ya maradufu. Mume wangu alikuwa na picha zake kwenye simu, akizitazama hata wakati wa kula, na ugali ukapoa.

Nyumba ikagawanyika. Mwanangu wa kiume alitaka mpya, kwa hoja kwamba roho ya baba haiwekwi kwenye kitu cha mtumba. Binti yangu alitaka iliyotumika, na fedha itakayobaki ikalipie ada ya chuo. Kila mgeni aliyekuja kumpa mgonjwa pole alikunywa chai, akala michembe yetu ya viazi vitamu, akatoa hukumu yake. Wengi wao hawajawahi kushika hata gobore.

Aliyejua ni shemeji yangu, mwanajeshi mstaafu. Alikaa barazani akachora kwenye daftari la mjukuu. Alisema zote mbili zinatumia risasi ileile ya milimita 9, na jambazi hawezi kujua kapigwa na ya bei gani. Shadow 2 imetengenezwa kwa ajili ya mashindano ya kulenga shabaha. Ni nzito, zaidi ya kilo moja hata bila risasi, ili isiruke mkononi. Kifyatuo chake ni laini, na ili kukilainisha hivyo, waliitengeneza bila kile kizuizi cha ndani kinachoizuia pini isigonge risasi mpaka kidole kivute kweli. Ile ya Nzega inacho. "Kaka," alimwambia mume wangu, "wewe unapanda pikipiki kwenye makorongo ya Ipole, huendi kushindana. Unaongeza fedha ili upate kitu kisichokufaa."

Akaongeza namna ya kukagua iliyotumika: kuitazama mifereji ndani ya mtutu mbele ya mwanga kama imelika, kuipima springi ya magazini, na kabla ya yote hayo kulinganisha namba iliyochongwa kwenye chuma na namba iliyo kwenye leseni ya muuzaji. Namba zisipooana, usiiguse tena. Nilimshukuru sana, kwa sababu alikuwa mtu wa kwanza katika mjadala ule kusema jambo linalopimika.

Jumapili ikamleta Baba Mkubwa kutoka Itetemia. Yeye ukimtajia bunduki, amefika kwa Mtemi Mirambo wa zama za misafara. Safari hii nilimsikiliza kwa makini, maana nchi hii ya Unyanyembe imewahi kuishi ndani ya swali letu. Majeshi ya Ulaya yalipohamia kwenye bunduki za kujazwa nyuma, magobore yao ya zamani yalimiminwa Zanzibar, yakapanda na misafara kutoka Bagamoyo, yakapita Mpwapwa na Ugogo mpaka hapa. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 ziliingia bara kila mwaka kupitia pwani hii. Mkutano wa Brussels wa 1890 ukapiga marufuku silaha mpya zisiletwe huku, ukaacha magobore na baruti ya kawaida. Maana yake mtu mweusi abaki na mtumba, na mkoloni ashike ile nzuri. Hilo linaniuma mpaka leo.

Lakini Baba Mkubwa hakuishia kwenye uchungu. Alikumbusha kwamba Agosti 1871 yule msafiri Mzungu, Stanley, alikuwa hapa Kwihara na bunduki bora kuliko za wote, akaungana na Waarabu wa Tabora kumfuata Mirambo, wakarudi wakikimbia. Na Januari 1893, Wajerumani wa Tom von Prince walipoivunja ngome ya Mtemi Isike wa Unyanyembe, mtemi aliingia ghalani mwake akaiwasha baruti asikamatwe hai. "Lile ghala lilikuwa ndani ya makazi yake," alisema Baba Mkubwa. "Ninyi mnabishana kuhusu bunduki. Hii yenu italala wapi?"

Hakuna aliyemjibu. Hata hivyo mume wangu alikwisha kuamua kununua ile ya Nzega, na akaanza kufuata taratibu. Tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na haina mchezo. Leseni ni ya mtu, si ya nyumba. Nikaelewa jambo ambalo wale wagombanaji wote hawakuligusa: akiwa Ipole nayo, sisi nyumbani hatuna ulinzi nayo, akiiacha nyumbani, mimi sina ruhusa hata ya kuisogeza. Na afisa wa polisi alisema atakuja mwenyewe kuona itakapohifadhiwa.

Ndipo sefu ikanunuliwa. Ilifika kwa treni, ikatoka stesheni kwa guta, na wanaume sita waliiingiza chumbani wakiimba. Sakafu ya saruji ilipasuka kuanzia mlangoni hadi kitandani. Mume wangu aliijaza siku hiyohiyo: fomu za maombi, hati ya kiwanja, cheti chetu cha ndoa na fedha za bastola. Funguo zote mbili, zikiwa kwenye pete moja, akazificha jikoni chini ya michembe, ndani ya kopo ambalo aliamini hakuna mtu angelifikia.

Mjukuu wetu ana miaka minne na anapenda michembe. Alipanda kwenye kinu, akalishusha kopo, akapata funguo. Tulichosikia sisi ni kishindo cha mlango wa chuma. Alikuwa amefungua sefu, akachora ng'ombe nyuma ya fomu ya polisi, akazitupia funguo ndani na kuusukuma mlango. Sefu ile hujifunga yenyewe.

Fundi wa kuchomelea alikuja na grinda. Cheche ziliruka mpaka kwenye pazia, pazia likashika moto, na binti yangu akamwaga ndoo ya maji. Moto ulizimika, umeme ukakatika, na maji yakaingia kwenye tundu alilokwisha kulikata fundi. Kwenye moshi ule nikasikia hodi barazani. Ni afisa wa polisi, amekuja kukagua mahali pa kuhifadhia silaha.

Aliingia, akaitazama sefu iliyotobolewa, pazia lililoungua na sakafu iliyopasuka. Akauliza kwa upole, "Funguo alikuwa nazo nani?" Mjukuu akanyoosha mkono. Afisa alimpakata, akamuuliza alizipata wapi, na mtoto akampeleka mpaka jikoni kumwonyesha kopo. Kisha yule bwana akamgeukia mume wangu: "Mzee, leo kilichokuwamo ni karatasi." Akaaga.

Usiku mume wangu hakulala. Nilimsikia akihesabu mambo kwa sauti: siku ngapi kwa mwezi yuko porini, mjukuu yuko hapa siku zote, wenzake wa mjukuu wanaingia na kutoka. Alfajiri aliniambia hanunui ya Nzega wala ile mpya, nikambusu kwenye lile kovu juu ya jicho. Wiki ileile alikwenda Sikonge na Ipole mikono mitupu, akakaa na warina asali mmoja mmoja, akakubaliana nao alipie kwa simu baada ya kupima. Wazee wawili walikataa, mpaka watoto wao wakawasajilia laini.

Nawasihi wenye nyumba zenye watoto na mjadala kama wetu: kabla ya kuuliza bei, mwambieni mtoto mdogo kuliko wote atafute mnapoficha funguo. Asali inaendelea kuja Tabora. Fedha za bastola, zilipokauka, zilinunua mizinga na kulipa muhula wa kwanza wa binti yetu.