Kikundi Kisicho na Mwenyekiti

Kwetu Upareni mtu asiye na kikundi hutazamwa kwa wasiwasi. Kuna kufa na kuzikana, kuna VICOBA, kuna kwaya, kuna ushirika wa tangawizi kwa ndugu zetu wa Mamba Miamba, na juu ya vyote kuna ndiva, lile bwawa la wazee linalokinga maji usiku kucha ili asubuhi yafunguliwe kwenda mashambani kwa zamu. Ndiva ina kamati, kamati ina katibu, katibu ana daftari, na anayejifungulia maji siku isiyo yake kesi yake itarithiwa na wajukuu. Majirani husema Mpare yuko radhi auze ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Ni uzushi mtupu. Tunaanza kwa kuuza mbuzi. Ng'ombe ni wa rufaa.

Basi mjue kompyuta yetu ya nyumbani, hapa Same mjini, ilikosea mlango ilipojiundia vikundi bila kumwambia mtu.

Chanzo chake ni flashi. Flashi ya mji mdogo haina adabu: asubuhi iko stesheneri, mchana iko shuleni, jioni iko kwaya, na ikirudi nyumbani kila folda imegeuka shotikati isiyokwenda popote. Mpwa wangu anayefanya kazi Dar es Salaam alipokuja Krismasi alimwonea huruma babu yake, akaweka antivairasi ya ofisini kwao, ambayo wafanyakazi waliruhusiwa kuitumia hata majumbani. Akala makande, akapanda basi, akaenda zake.

Ya ofisini. Hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Antivairasi iliyotengenezwa kwa ajili ya ofisi huamini kwamba kila palipo na kompyuta pana meneja, pana kijana wa IT, na pana watu wa kuzuiwa. Kwa hiyo hii yetu ilipoingia iliunda vikundi vyake ndani ya Windows. Wasimamizi ndio wenye ruhusa ya kufuta na kufungua kilichotiwa karantini. Watumiaji Wenye Nguvu wanasafisha baadhi ya mambo. Halafu wapo Watumiaji watupu, ambao kazi yao ni kuona onyo na kumpigia mtu simu. Mpango huo una akili kabisa kwenye jengo lenye wafanyakazi mia mbili. Sebuleni kwetu kuna Baba, Mama, mjukuu wa darasa la sita na kuku anayeingia akikuta mlango wazi.

Wa kwanza kuonja ubaguzi huo alikuwa Mama. Alichomeka flashi yenye nyimbo za kwaya, antivairasi ikazikamata zote pamoja na shotikati zake, na alipotaka kuzitoa akaambiwa hana ruhusa, awasiliane na msimamizi.

"Msimamizi wa nini?" akauliza. "LUKU ya nyumba hii nanunua mimi."

Baba, mwalimu mstaafu na katibu wa ndiva ya huko lilipo shamba lake, njia ya Vudee, hakushughulika sana na kwaya. Yeye alikuwa na lake. Alitaka kufunga faili la zamu za maji ili mjukuu asije akalichezea. Akalibofya, akafika penye usalama, akaambiwa achague nani wa kuruhusiwa, akabonyeza kitufe cha kutafuta. Kompyuta ikamteremshia orodha ya wote inaowafahamu.

Ndugu zangu, tulikuwa tunaishi na umati. Kulikuwa na Wageni. Kulikuwa na Waendeshaji wa Nakala za Akiba. Kulikuwa na Wasomaji wa Kumbukumbu za Matukio, watu ambao Baba alisema angependa sana kuonana nao. Hao ni wa Windows yenyewe. Tabia ya kupanga watu kwa makundi ilikuwamo tangu Windows NT ya mwaka 1993, nayo ilitengenezewa maofisi. Baba akawasamehe kwa hoja kwamba hao tuliwakuta. Chini yao ndipo akaviona vile vitatu vipya, kila kimoja kikianza na jina la antivairasi.

"Mkutano wa kuviunda ulifanyika lini?" akaniuliza.

Nikamwambia havikuhitaji mkutano.

"Mwenyekiti ni nani?"

Hakuna mwenyekiti, Baba.

"Kikundi hakina mwenyekiti, hakina muhtasari, na kina mamlaka juu ya faili za mama yako." Akavua miwani. Baba akivua miwani huwa anaingia mwaka 1945. Baba yake alikuwa miongoni mwa maelfu ya wanaume walioteremka milimani mwaka huo wakapiga kambi hapa hapa Same, mbele ya ofisi ya serikali ya kikoloni, kukataa mbiru, ile kodi iliyompandisha mtu daraja kulingana na mali yake huku mpangaji haelezi amepangaje. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria wetu, aliandika kijitabu kizima juu ya sakata hilo mwaka 1971, na nakala ya Baba imesomwa mpaka jalada limehama. Kwa mtu wa namna hiyo, kukuta ndani ya nyumba yake madaraja ambayo hakuulizwa si jambo la kompyuta tena.

Akavifuta vyote vitatu. Usiku huo alilala vizuri.

Asubuhi antivairasi haikumfungulia mtu. Ilidai kwamba anayeifungua si mwanachama wa kikundi chochote kinachotambulika, ambalo lilikuwa kweli kabisa. Baba hakubabaika. Akaviunda upya, majina yale yale, herufi kubwa kwa herufi kubwa. Haikusaidia. Windows haijali jina. Kila kikundi kinapozaliwa hupewa namba ndefu inayoanza na S-1-5, na ruhusa zote hufungwa kwenye namba hiyo. Ukifuta kikundi namba inakufa nacho, na kipya hupata namba yake mwenyewe. Mtoto ukimpa jina la babu yake bado hawezi kuuza shamba la babu. Maelezo hayo Baba aliyakubali papo hapo, maana kesi ya aina hiyo aliwahi kuisikiliza.

Mpwa akapigiwa simu. Akasema dawa ni kuiondoa antivairasi yote na kuiweka upya, ataelekeza kwa simu jioni akitoka kazini. Baba akaridhia kwa sharti moja, kwamba safari hii vikundi vitaundwa kwa utaratibu.

Kikao kilifanyika barazani, makande yakiwa katikati. Ajenda zilisomwa, pamoja na ile ya mengineyo, ambayo ndiyo iliyochukua muda mrefu kuliko zote. Mama alipendekezwa kuwa Msimamizi. Baba akauliza kama ana uzoefu. Mama akauliza nani aliyefuta vikundi. Kura zikapigwa kwa kunyoosha mikono, na mjukuu akanyoosha yote miwili. Baba akapewa Watumiaji Wenye Nguvu, jina alilolipenda mno, na sikuona sababu ya kumweleza kwamba kile kikundi cha Windows chenye jina hilo kilinyang'anywa nguvu zake tangu Vista ya mwaka 2007, kikaachwa kwa ajili ya programu za zamani tu. Mjukuu aliwekwa kwenye Wageni. Alilalamika kwamba amezaliwa humu humu. Akaambiwa akate rufaa kwa maandishi.

Sasa Mama anafungua karantini mwenyewe, huku amesimama, mkono mmoja kiunoni. Baba akitaka faili lililokamatwa humfuata jikoni kuomba, na siku nyingine huambiwa arudi baadaye. Muhtasari wa kikao umebandikwa ukutani juu ya kompyuta, umetiwa sahihi na wote, na tatizo likawa hapo, kwa sababu jirani yetu alipokuja kuchaji simu aliusoma wote. Kesho yake akarudi amevaa shati la kanisani. Alitaka kujua kiingilio ni shilingi ngapi, kama tunakopesha, na kama mkewe anaweza kuanzia moja kwa moja kwenye Usimamizi. Baba akamwambia aandike barua, aipitishe kwa katibu.